Shanga za Wifi Zinanikaba

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla pamba haijavunwa, maana baada ya mavuno kutakuwa na mkutano wa kijiji na nimeshamwambia mwenyekiti kwamba nitasimama kumtaja mchawi wangu, ambaye ni wifi yangu Yunis, dada wa mume wangu Lazaro, mjane asiye na pa kwenda zaidi ya hapa. Sisi ni watu wa milimani Kilosa, tulihamishiwa huku bondeni karibu na Mikumi mwaka jana, wakati wa Operesheni Vijiji, na zamani mimi na Yunis tulitaniana mpaka watu wakaacha kulima wakacheka, lakini tangu tufike huku amebadilika, hanitazami usoni, ananitazama shingoni, na wanawake wakicheka upande wa pili wa shamba la ujamaa najua wananicheka mimi, na watoto wakiniamkia shikamoo nasikia dharau ndani yake, nimeshachapa hata wasio wangu. Usingizi sipati, moyo unakwenda mbio kama nimefukuzwa na nyati kumbe nimekaa tu, jasho linanitoka, nadhani ni joto la bondeni, nakula kumshinda Lazaro lakini nguo zote zinanipwaya, na mikono inatetemeka mpaka chai inamwagika. Juzi tukipalilia Yunis alinitania, “Wifi, jembe lako linalala kuliko kaka yangu,” utani wetu ule ule, wote wakacheka, nami nikamrushia jembe, likapita karibu na sikio. Akasema, “Wifi, ungeniua! Una nini siku hizi?” Nikamjibu, “Ulichonifanyia unakijua mwenyewe.” Ushahidi ninao, shanga alizonitungia siku ya harusi yangu, nimezivaa miaka yote, sasa uzi umejikaza wenyewe unanikaba, nimezivua na kuzifunga kwenye kitambaa nizioneshe mkutanoni. Lazaro anasema nikimtaja dada yake nirudi kwetu. Nifanyeje?

Magreti, Mikumi (majina tumeyabadili)

JIBU

Magreti, uzi wa shanga haujikazi. Ukizeeka hulegea, mwisho hukatika. Nadhani kilichobadilika ni shingo yako, na Yunis anaitazama kwa sababu ameona inavimba. Pengine anatafuta namna ya kukuambia. Hukumpa nafasi, ulimrushia jembe.

Mimi si daktari. Barua yako nilimsomea daktari, naye alinisimamisha nilipofika kwenye shanga. Mbele ya shingo, alisema, kuna tezi linaloingiza kwenye damu kitu kinachoitwa homoni, na hiyo ndiyo inayouambia mwili uende kwa kasi gani. Tezi likizidisha, moyo hukimbia, jasho hutoka, mtu hula na bado akakonda, mikono hutetemeka, usingizi hukimbia. Si joto la bondeni. Majirani zako wanaishi kwenye joto hilo hilo.

Sasa sikiliza. Mwili wa namna hiyo unajiona uko hatarini mchana kutwa, na macho huanza kuitafuta hatari yenyewe. Nyati hayupo, wifi yupo. Basi kicheko unakisikia kama dhihaka, na shikamoo ya mtoto unaisikia kama tusi. Utani wa Yunis, umesema mwenyewe, ni ule ule.

Lakini usijifiche nyuma ya tezi. Linaweza kukutia hofu, haliwezi kusimama mkutanoni na kulitaja jina la mjane. Hilo ungelifanya wewe. Ugonjwa wako una dawa. Mtu akishaitwa mchawi mbele ya kijiji, dawa ya kumrudishia nyumba yake siijui.

Nenda kwa mwenyekiti leo umwambie huna mtu wa kumtaja. Kisha nenda hospitali Kilosa, umweleze daktari yote uliyonieleza, na uzivae zile shanga mbele yake aone zinavyobana. Akikupa dawa, usiziache kwa sababu tu umepata nafuu. Tezi hutulia polepole. Waombe radhi wazazi wa watoto uliowachapa. Nawe Lazaro, ukiisoma hii, mke mgonjwa hapelekwi kwao, anapelekwa hospitali.

Usisafiri peke yako. Mwombe Yunis msamaha, na umwombe akusindikize. Shanga ni zake kuzitengeneza: mkirudi, mpe aziongezee uzi.