Pembezoni mwa Nini?

Baba Wekesa,

Goti lako linaendeleaje? Mimi niko mzima hapa jijini, mtaa wa Lindi, kwa binti yetu Nafula. Huyo simba wa kwa picha za watalii uliyeniuliza sijamwona, usinisumbue kumuulizia.

Jumapili alikuja kunisalimia yule bwana wa magorofa ya Nyayo Highrise ambaye Nafula humfulia nguo. Kazi yake ni kutafuta vijiji vya mbali ambavyo watalii wanaweza kutembelea. Nikamtajia kwetu. Akaandika haraka kwa daftari.

"Umeandika nini?"

"Mama, huko ni pembezoni sana. Hakuna kivutio."

Pembezoni mwa nini? Nikamuuliza, "Wewe, kwetu umewahi kufika?" Hajafika! Nafula akanikonyeza ninyamaze, anaogopea kazi yake. Sikunyamaza. "Juzi watalii walipiga picha mtaro wa maji machafu hapa jirani Mashimoni. Na kilima chetu chenye mapango unakikataa ukiwa umekalia kiti changu, unakunywa chai yangu? Kata hayo maneno!"

Akacheka, lakini akayakata. Sasa anakuja Agosti ajionee.

Wewe na huruma yako, usimchinjie kuku akifika tu. Kwanza apande kilima mpaka kwa mapango, anywe maji ya chemchemi. Akirudi na jasho, mpe firigisi kama mgeni wa heshima.

Akikataa kupanda, firigisi kula wewe, mume wangu. Nimekukumbuka.

Mama Wekesa