Shingo ya Shujaa

Mwenzio nimeumbuka leo, natamani ardhi ipasuke inimeze!

Si nilikuambia mchumba ananipeleka sinema na mama yake? Yule mama aliyesema hataki mkwe muuguzi, eti tuna kelele.

Filamu yenyewe ya viumbe wa angani wanaovamia dunia. Dada, rangi zake! Jiji zima linateketea kwa moto wa zambarau, mpaka unatamani wakuvamie na wewe. Hadithi sasa? Hamna. Wametoka nyota ya mbali kuja kulipua maghorofa, basi. Kwa nini, hata wenyewe hawajui.

Shujaa akaanguka kutoka ghorofa ya ishirini. ISHIRINI! Kachubuka kidogo juu ya jicho. Mkewe akaja mbio, akamnyanyua kichwa, akawa anamtikisa ili ambusu.

Na mimi nimetoka moja kwa moja zamu ya wodi ya majeruhi. Nikashtukia nimesimama, napiga ukelele: "USIMTIKISE! MSHIKE SHINGO!"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Mikono yangu iko hewani, imeshika shingo ambayo haipo.

Mchumba akanivuta gauni: "Kaa chini, hii ni sinema." Loo, asante kwa taarifa! Na machozi ya filamu yanamtiririka, nimemharibia busu la shujaa wake.

Filamu kuisha, mama mtu akabeba mkoba wake, akatangulia kutoka. Nikajua ndoa imekufa, tena bila kulipuliwa na mtu.

Mlangoni akamgeukia mwanawe: "Siku nikianguka, wewe usiniguse. Mwite huyu."