Mkono wa Kushoto Umenisahau

Koboko, 1974

Kwa mdogo wangu Zainabu, Kibra,

Salaam nyingi. Mimi kaka yako iko na miaka sabini na sita. Nimemaliza vita mbili ya Wazungu, nimezika bibi wawili, na maofisa wote waliokuwa wananifokea sasa iko chini ya udongo. Mimi bado. Wewe je, miguu bado inakuuma wakati wa mvua? Watoto wazima?

Hapa Koboko hakuna mtu anajua kukanda vichwa kama mimi. Mtoto akizaliwa, wanamleta. Napasha mafuta ya simsim, nakamata kichwa na mikono mbili, nangoja. Kichwa inapumua, Zainabu, polepole kuliko kifua. Mtu hana subira hawezi kusikia.

Basi mwezi uliopita niliamka, mkono wa kushoto haukuamka. Nilishika sufuria ya chai, mpaka nikaona ngozi imebabuka ndiyo nikajua iko moto. Nikajitibu. Nikapaka mafuta, nikakamata kichwa yangu mwenyewe. Upande wa kushoto kichwa ilisikia mkono, lakini mkono haukusikia kichwa. Ikawa kama mtu mwingine amekuja kunishika. Nilifunga macho, nikakaa vile muda mrefu. Tangu bibi wa pili afariki, hakuna mtu amenishika kichwa.

Nikapanda lori ya tumbaku mpaka Arua, hospitali. Daktari ni kijana. Akanichoma na pini, akasema mkono hauna ugonjwa, ugonjwa iko ndani ya ubongo, upande wa kulia. Nikamwambia amepotea njia, mkono wangu ni wa kushoto. Akasema kamba za mwili zinapishana huko juu kwa shingo. Nilimwambia nimeshika vichwa kabla baba yake hajazaliwa, na hakuna kichwa imeniambia hivyo. Akacheka. Hata ile pumzi ya kichwa anasema ni damu tu inagonga. Nikamwambia aache mkono wake juu ya kichwa ya mtu zaidi kidogo, atasikia.

Lakini akasema ubongo unaweza kufundishwa tena. Lazima mtu anikande kila siku, aniweke kitu mkononi nimefunga macho, mimi nitaje ni nini.

"Nyumbani iko nani wa kukufanyia, mzee?"

"Nyumba imejaa," nikamwambia. "Wengine wanalala nje."

Akafurahi, akaniruhusu nirudi.

Sasa watu wamesikia habari ya mkono, watoto hawaletwi tena. Najaribu peke yangu. Nafunga macho, naweka jiwe mkononi. Najua ni jiwe, kwa sababu ni mimi nimeliokota.

Mimi siombi mtu, unanijua. Lakini mama alifundisha sisi wawili kukanda, na wewe alikusifu zaidi, leo nakubali. Njoo Koboko. Kaa mpaka simsim ivunwe, halafu kama umechoka na mimi, rudi.

Nisalimie mtoto wako fundi viatu, na shemeji yule mkali, na mwalimu wa madrasa kama bado anakohoa.

Usidhani mzee anatia chumvi. Ukifika, muulize Mama Furaha, Mkongo anayeuza muhogo mbele ya mlango wangu. Yeye ananifunga vifungo vya shati asubuhi, na wakati anafunga anaangalia barabara, ili nisione haya.

Kaka yako,
Sajini Juma