Kebo ya Bluu na Adhana ya Baba

Ijumaa, 12 Juni 2015

Radi tangu mchana. Umeme ulikwenda ukarudi kwa kishindo, na saa kubwa ya msikiti – ile bodi ya taa nyekundu – sasa inaonyesha 00:00 tu. Usiku wa manane tangu saa tisa mchana!

Baba ndiye muadhini, mwaka wa thelathini na nne huu. Tangu jicho moja life na la pili lipasuliwe, saa ya mkononi hawezi kuisoma. Namba za bodi ni pana kama kiganja. Hizo anaziona.

Baada ya swala kamati ilikaa. Shamirah, dada yangu, alikuwa nyuma ya pazia akasikia yote. Mwenyekiti Swalik kasema Ramadhani imebaki siku chache, watu hawawezi kufunga kwa kubahatisha, kama bodi haitapona adhana apewe Wahabu mwenye macho mazima. Hilo ningelimeza. Lakini akaongeza: "Macho ya muzee ilisha kuisha, na kichwa iko inafuata."

Baba amekuja nyumbani, amekula vizuri, kaniambia namba zimemkimbia lakini mwanga bado anauona. Anajifariji tu, maskini. Nimemwahidi kwamba kabla ya mwezi kuandama bodi itasema saa.

Jumamosi, 13 Juni

Fundi aliyeifunga, wa Kampala, hapokei simu. Nimefungua kisanduku cha bodi mwenyewe (kwa bahati kiko upande wa wanawake). Ndani kuna tundu la pini tisa, la kizamani. Ndilo la kupangia saa. Laptop yangu haina tundu la namna hiyo.

Nikaenda Kasese kwa Mwalimu Ronnie, aliyenifundisha kompyuta na kuniambukiza mfumo wa FreeBSD. Watu hunicheka – mchapaji wa Bwera asiye na Windows! Waache wacheke. Flash za wateja zimejaa virusi, na hapa kwangu hakuna aliyewahi kulia.

Ronnie kanipa kebo ya bluu, upande mmoja USB, upande wa pili pini tisa. CD yake nisiihangaikie, kasema. Draiva, programu ya kuiendesha, iko ndani ya mfumo wangu tayari, niiite tu kwa jina.

Kwa jina! Rahisi hivyo.

Jumatatu, 15 Juni

Si rahisi.

Nimechomeka kebo. Mfumo umeona kuna kitu, basi. Hakuna poti, ule mlango wa kuongea na bodi. Kwenye ganda la kebo pameandikwa jina la kampuni fulani, nikaita draiva ya kampuni hiyo, uplcom. Kimya. Nikaita tena, labda haikusikia. Kimya.

Juu ya hayo simu imeruka tena. Imeshika mtandao wa Kongo ng'ambo ya mto na kunirudisha saa nzima nyuma, kama inavyofanya kwa kila mtu huku. Nimechelewa kufungua duka. Karani mmoja wa Mpondwe alisubiri na karatasi zake za forodha, akachoka, akaenda kwingine.

Nimemgombeza Shamirah bure. Kesho nimwombe radhi.

Jumanne, 16 Juni

IMEITIKA!

Ronnie kwenye simu: achana na maandishi ya ganda, iulize kebo yenyewe. Nikaandika usbconfig, nikaomba namba ya kiwanda. Ikaja 0x1a86. Kumbe ganda la mmoja, moyo wa mwingine! Draiva ya huyo ni uchcom. Nikaandika kldload uchcom – na mstari ukajiandika wenyewe: ucom0. Poti ikatokea, /dev/cuaU0. Nimepiga kelele mpaka mama wa chapati akaja kuuliza nani amefariki.

Halafu nikajaribu kuifungua. Permission denied. Laptop yangu mwenyewe inaninyima ruhusa! Nikajitia kwenye kundi la dialer, la wanaoruhusiwa poti, nikatoka, nikaingia upya. Ikakubali.

Msikitini. Kasi ya 9600: bodi ikajibu takataka, vijiti na alama za kuuliza. 4800, takataka. 2400: OK.

Herufi mbili tu. Nilikaa kwenye mkeka nikacheka peke yangu, machozi yananitoka. Bodi ikawaka 16:17. Baba alisimama chini yake akasoma namba moja moja kwa sauti, kama mtoto wa P1, akaniwekea mkono kichwani. Swalik alipita akasema vizuri, tutaona kama itadumu.

Itadumu! Shamirah kaombwa radhi na kanunuliwa soda.

Jumatano, 17 Juni

Mwezi umeandama! Kesho tunafunga.

Umeme ulikatika magharibi. Kumbe betri ndogo ya bodi imekufa – 00:00 tena, usiku kama huu! Lakini umeme ulirudi katikati ya tarawehe, na watu walipotoka tu nikachomeka kebo. uchcom ikaitika mara ya kwanza, mpenzi wangu huyo. Saa ya laptop siiamini, mchana ilizimika ikaruka, kwa hiyo nikachukua ya simu. Saa mbili na dakika arobaini. Imamu ametuswalisha haraka leo, Mungu ambariki.

Swalik mwenyewe kaitazama bodi akasema asante, mbele ya Wahabu. Baba abaki na adhana yake. Wiki nzima sijalala vizuri. Leo nalala.

Alhamisi, 18 Juni

Alfajiri. Saa ngapi sijui, na hiyo ndiyo shida.

Laptop inawaka, naandika huku nikiisubiri.

Nilikuwa kwenye daku, wali na maharage, sina haraka. Adhana leo ni saa kumi na moja na dakika arobaini, na simu ilisema saa kumi na arobaini. Nina saa nzima! Mara sauti ya baba: Allahu akbar. Kijiko kikaning'inia. Nikawaza, basi, Swalik alisema kweli, kichwa kimefuata. Nimeona haya kwa ajili yake. Nayaandika ili nisijisahaulishe.

Halafu nikatazama simu vizuri. Juu pameandikwa jina la mtandao wa Kongo. Tangu jana usiku!

Nikatoka nje. Upande wa Kisinga, mashariki, kuna mstari mweupe, mwembamba, chini kabisa.

Baba yuko sawa. Kichwa chake ni kizima! Mbovu ni saa niliyoipanga mimi. Alhamdulillahi, mara mia. Nimemtuma Shamirah mbio, nyumba hadi nyumba, aseme kwamba muadhini amepatia, watu waache kula.

Lakini msikitini kipaza sauti hakijazimwa, na Bwera nzima inasikiliza. Swalik anasema kwa ukali bodi iko 4:46, na simu yake pia.

Baba kajibu polepole: "Ile bodi sikuiangalia. Toka inje, Swalik, uangalie mwanga."

Laptop imewaka. uchcom nimeiita tayari. Kebo iko mfukoni. Nitasema ni mimi, mbele ya wote, ndipo nichomeke.

Kwenye kipaza sauti maneno yamekwisha. Zinasikika nyayo tu, nyingi, zinaelekea mlangoni.