Homa Niliyokwenda Nayo Kazini

Kathure mwanangu,

Hapa mjini Laurel tu wazima. Theluji imeyeyuka, na akina mama wa kanisa wamenunua sufuria ya chai kubwa hata haiingii kwenye sinki.

Unasema shule yako huko Japani hukata siku za likizo mwalimu msaidizi akiugua, ndiyo maana ulifundisha Kiingereza ukiwa na homa. Wenzako wameandika barua kudai likizo ya ugonjwa, nawe umekataa kutia sahihi, eti mama yako hajawahi kukosa kwenda kazini.

Ni kweli, sijawahi. Unamkumbuka mzee Harold niliyekuwa nimeajiriwa kumtunza? Nilimwogesha nikiwa na homa. Siku tatu baadaye ikamshika yeye. Wewe nilikwambia alikufa kwa uzee.

Tia sahihi.

Mama yako,
Kagendo