Zamu za Alasiri Mwezi wa Saumu

Kambi ya Karanga,
Nachingwea.
21 Julai 1950

Mpendwa Shemeji Mikidadi,

Assalaam alaikum. U hali gani huko Tanga kwenye mkonge? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi tu wazima na Idi tumeila salama. Dada yako Zaitun amenenepa kidogo, ila usimwambie kwamba nimekuandikia.

Shemeji, leo nakuandikia kwa aibu.

Hapa kambini alikuja Mzungu wa kupima akili za watu, apate wa kufundishwa trekta. Mtu anapewa ubao wenye matundu na vipande vya mti, avipachike upesi huku saa inamhesabia. Mimi nilikuwa mkalimani wake. Alitaka wote wapimwe sawasawa: meza ileile, maneno yaleyale, nisimcheke mtu wala kumsifu. Zamu tu ndizo aliniachia nizipange.

Nikazipanga. Ndugu zangu wa Ruponda niliwaweka asubuhi, daku bado iko tumboni. Watu wa kwenu Likunja nikawaweka saa tisa alasiri, ndani ya banda la bati, midomo imewakauka kwa saumu. Mdogo wenu Hasani alikuwamo. Vipande vilimwanguka kila mara. Nilijua kwa nini, nikamwita wa zamu inayofuata.

Mzungu akaandika kwamba watu wa Likunja ni wazito wa akili. Maneno hayo niliyatafsiri kwa kinywa changu mwenyewe, mbele yao.

Siku ya Idi mama mkwe alituletea jogoo, eti zawadi ya mkwe wake mwenye kazi nzuri. Nyama yangu nikawaachia wengine. Kesho yake nilikwenda kwa Mzungu nikamweleza yote. Alikasirika mpaka masikio yakamwiva, kisha akazichana karatasi zake. Sasa watu watapimwa upya, zamu kwa kuchomoa vikaratasi kofiani, na mkalimani mwingine.

Wa Likunja wote wamekubali kurudi, isipokuwa Hasani. Nimemfuata mara tatu. Ananiambia, "Shemeji, usijisumbue. Mie nishajijua kuwa mzito." Hata baiskeli za watu alizokuwa akitengeneza amezirudisha zikiwa zimefunguliwa hivyohivyo.

Zaitun, mama na binti yetu Mwamina wanakusalimu sana. Hasani nilimwomba salamu zako, akasema hana la kusema.

Upimaji utakwisha mwisho wa Agosti. Mwandikie wewe, shemeji yangu. Mimi nikimwambia ana akili hanisadiki, na sina haki ya kumlaumu.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi huko uliko, nami anisamehe.

Wako akupendaye, mwenye haya,
Adinani