Wa Kutoka Kibandani

Mwaka umetimia, Clem, tangu tukutoe kwenye kibanda chako cha matete ukingoni mwa mto, na koti lako bado liko nyuma ya mlango kwa sababu sina moyo wa kulitundua. Dada yako Dilys alitaka tangazo hili la kumbukumbu liwe fupi, lenye ua pembeni na mistari ya vina. Nimemwambia, wifi, kaka yako hakuwa mtu wa maua. Gazeti likilalamika kwamba ni refu, shauri yao.

Wasiokujua wajue hivi: Clement Pargeter alikuwa fundi wa baiskeli. Oxford yetu imejaa wanafunzi, na kila mwanafunzi ana baiskeli mbovu. Aliyekuja kwako analia kwa ajili ya mtihani ulimpa chai kwanza, breki baadaye. Maprofesa uliwakaripia sawasawa na watoto wao. "Huu mnyororo umeuonjesha mafuta lini, siku ya harusi yako?" Nao walirudi, tena wakaleta na wenzao.

Lakini moyo wako ulikuwa mtoni. Kabla ya kufungua duka ulikuwa umeshalowa ukipiga picha: korongo, mdiria anayechupia samaki majini, bata maji weupe, fisimaji anayeelea chali akitafuna samaki, farasi wa malishoni wamesimama ndani ya mafuriko, ukungu umewameza miguu. Minara ya chuo hukuipiga hata picha moja. "Ile ina wapigaji wake," ulisema, "inakaa tu pale kama bibi harusi. Mdiria hamngoji mtu." Kila Desemba jirani zetu walitundika kalenda ya picha zako jikoni, na wewe ukiingia ulijifanya huioni.

Kuna jambo wapiga picha wa ndege wanalijua: ndege hawajui hesabu. Mtu akiingia kibandani kujificha peke yake, wanajua yumo, hawashuki ng'o. Wakiingia wawili, mmoja akatoka akaenda zake, ndege wanaona kibanda ni kitupu, wanashuka. Basi mimi ndiye niliyekuwa wa kutoka. Tuliingia pamoja, nikakufunga skafu, nikatoka nikipiga kelele njia nzima ili wanione: "Haya, mimi naenda, baki na wake wenzangu!" Na wewe ulicheka kimyakimya, mabega tu yakitikisika.

Asubuhi ile pia nilitoka. Ulipokosa kuja kula mchana, nilirudi pamoja na Tamsin, binti yetu. Tukakukuta umeketi wima, jicho kwenye kamera, kikombe mkononi. Mdiria alikuwa ametua juu ya lenzi yako, samaki mdomoni, wala hakuruka tulipofungua mlango. Daktari alisema ni moyo. Mimi nilimtazama yule ndege nikajua kwamba safari hii hakukosea, kibanda kweli kilikuwa kitupu. Tamsin naye aliliona hilo, ila hatukuambiana.

Sasa nikueleze kilichotutia hofu mwaka huu, ingawa nahisi unakijua kuliko mimi. Tamsin alikuwa ameshapata kazi Bristol, kwenye hospitali ya wanyama, ile kazi uliyojigamba nayo kwa kila mteja. Aliwaomba wamngoje. Akachukua kamera yako, akaanza kwenda kibandani kila kulipopambazuka. Nilitaka kumsindikiza, akakataa. "Wewe lala, Mama, kuna baridi." Nikajisemea, aende, peke yake hapati kitu, atachoka mwenyewe.

Alirudi na picha ambazo hata wewe hukuwahi kuzipata. Korongo yuko karibu hadi unahesabu nyuzi za manyoya yake. Nilizitazama jikoni, moja baada ya nyingine.

"Nani anakusindikiza?" nikamuuliza.

"Hakuna."

"Hawa ndege wanashukaje na wewe umo?"

Akakoroga chai yake. "Nikishakaa, wanageuza shingo wote kwa pamoja. Wanaitazama njia, taratibu, kama mtu anavyomtazama mgeni anayeondoka. Wakimaliza, wanashuka."

"Na wewe unaona nini njiani?"

"Mimi sioni kitu, Mama. Nyasi tu zinalala na kuinuka."

Dilys alikuwepo, anachovya biskuti zangu. Akasema, "Si kaka yangu huyo, anamsaidia mtoto wake? Kuna ubaya gani, wifi?"

"Ubaya ni kwamba mtoto hataki tena kurudi nyumbani. Kula biskuti hizo unyamaze."

Na kweli hakutaka. Alianza kurudi mchana, kisha jioni. Akakonda. Akawa anaongea kwa sauti ya chini hata dukani, kama anayeogopa kumshtua mnyama. Bristol wakaandika kwamba mwaka ukiisha nafasi watampa mwingine, naye akaiweka barua chini ya bakuli la matunda akaenda zake mtoni. Nilikuzika wewe, Clem, nikalia kama watu wanavyolia. Lakini kumpoteza mtu anayekuja kulala kwako kila siku, hilo sikulijulia kilio chake.

Mwisho wa Novemba mto ukafurika. Malisho yote yakawa ziwa, miti ya mierebi imesimama majini hadi kiunoni. Nikamwambia leo huendi. Akanijibu, kwa upole kabisa, "Maji yakifika kwenye benchi nitapandisha miguu." Kabla sijamzuia alikuwa ameshatoka. Nikavaa mabuti yangu nikamfuata.

Nilipokaribia niliwaona ndege kwanza. Bata maji, korongo, bata wadogo, wote wametanda majini mbali na kibanda, wamekikabili, na hakuna aliyelia wala kusogea. Nikapita katikati yao. Ndani maji yalikuwa kwenye magoti ya Tamsin. Alikuwa amejibana mwisho wa benchi na kuacha nafasi kubwa upande wako. Nikataka kuketi hapo.

"Hapo pana mtu, Mama," akasema, bila kugeuka.

Niliogopa, nakwambia ukweli. Lakini hasira ilinipanda kuliko woga, nikaiambia nafasi ile tupu: "Clem, mimi sikukuzalia mtoto aje akae na wewe humu. Hata kuishi hajaanza. Niachie binti yangu."

Hapo Tamsin akaanza kulia, mara ya kwanza tangu mazishi. "Leo hajatoka," akasema. "Siku zote hutoka, ndege wakashuka. Leo kakaa tu. Tangu nilipoingia hakuna hata mmoja aliyesogea. Nimemkosea nini?"

Nikaelewa, Clem. Nilielewa kwa sababu nimekuwa mkeo, na kazi hiyo nimeifanya mimi.

"Hujamkosea," nikamwambia. "Kibandani lazima awepo wa kutoka. Baba yako amekataa kutoka ili utoke wewe. Nyanyuka, mwanangu."

Akauweka mkono wake juu ya ule ubao wa benchi, upande wako, akauacha hapo kidogo. Kisha akasimama. Tulitoka tumeshikana mikono, na nikamwambia apige kelele, ndiyo desturi. Akasema: "Haya, Baba, mimi naenda." Nyuma yetu tukasikia mabawa, mengi, yakishuka pamoja. Hatukugeuka.

Juma lilelile mto ulikomba ukingo ule wote, pamoja na kibanda na benchi lake. Kilichobaki pale ni maji tu. Tamsin alienda Bristol kabla ya Krismasi.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo, Noreen. Binti yako Tamsin, aliyeniagiza niseme kwamba jana amemshona mbwa mzito kuliko yeye, na kwamba anakula. Dada yako Dilys, ambaye bado ananimalizia biskuti. Na wote uliowatengenezea baiskeli ukasahau kuwadai.

Dilys anasema ndege hawapiti pale palipokuwa na kibanda, wanazunguka kwa mbali wakiwa wamegeuza shingo. Mimi sijaenda kuangalia.

Tutakukumbuka daima, Clem, na tutakukumbuka tukiwa nyumbani. Ukimwona Tamsin anakuja tena mtoni peke yake, fanya kama siku ile. Kaa, usitoke.